Vifo vya Wahasibu na Mama wa Chai

Skola mwanangu,

Umekwenda mtaa wa Lizaboni kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka umalize togwa yote iliyomo mtungini. Mama yako yuko uani anachambua maharage ya kukufungia. Mimi nimekaa hapa sebuleni, nimefunga mlango, jambo ambalo silifanyi mchana, na tayari ameshaniuliza dirishani kama naumwa. Nimemwambia ninaandika. Akasema, "Basi andika vizuri, mtoto asije akahangaika na mwandiko wako."

Habari za kulinda begi kwenye basi, za kutokula vya wageni, za kwenda kanisani Jumapili, mama yako amekwisha kukuambia zote, nadhani mara mbili. Mimi sitaongeza. Nina jambo moja tu, nalo linatokana na zile karatasi ulizozileta kutoka kafe ya intaneti.

Sijakusahau ulivyoingia siku ile. Ulisimama mlangoni ukanitazama kuanzia miguuni kama mtu anayehakikisha kivuli. Kisha ukacheka, ukasema, "Baba, kumbe wewe ulishakufa!" Ukanisomea. Mtu mmoja, sijui yuko Dar, sijui yuko Ulaya, ameandika kwamba miaka ile soko la tumbaku lilipofunguliwa na makampuni ya watu binafsi yakaingia, hapa Songea walikufa wahasibu wanne wa ofisi moja kwa kufuatana. Mwenzake akaongeza kwamba walikuwa wanajua siri ya wakubwa. Mwingine akasema ilikuwa kafara. Mwingine, aliyejiita mwenyeji wa Songea, akaandika kwamba waliwekewa sumu na mama aliyekuwa anawapikia chai, na kwamba aliyemtuma alimtorosha usiku.

Na wa nne katika hao marehemu ni mimi. Jina wamelikosea, lakini ni mimi.

Tulicheka sana, hata mama yako alicheka. Ila baadaye ulipoacha kucheka ukaniuliza, "Baba, lakini wale watatu kweli walikufa. Na huyo mama wa chai alikuwepo kweli? Alikuwa nani?" Nikasema ng'ombe hawajapewa maji, nikatoka. Nawe uliona kwamba ng'ombe walikuwa wamekwisha kunywa.

Sasa nakujibu.

Ofisini kwetu tulikuwa wanne kweli. Mkubwa wetu alikuwa Otmari, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akiimba besi kwaya ya parokia. Wa pili alikuwa Rashidi, keshia, Myao wa upande wa Tunduru, mtu wa utani mwingi. Wa tatu Gaspari, kijana aliyetoka chuoni karibuni, mgeni hapa. Na mimi. Kampuni ilikuwa mpya, meza mpya, viti vinavyozunguka ambavyo siku ya kwanza tulizungukazunguka navyo kama watoto. Baada ya miaka ya kukopwa na kuzungushwa, wakulima wa Namtumbo walikuwa wanalipwa papo hapo dirishani, na sisi tuliokaa nyuma ya dirisha hilo tulijiona watu. Suruali zetu zilinyooshwa kila siku. Tukipita mtaa wa Mfaranyaki watu wanatupisha.

Na kila asubuhi aliingia mama mmoja na birika kubwa la chai ya tangawizi na beseni la maandazi. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Sote tulimwita Mama Chai, na naona aibu kukuambia kwamba miaka yote ile sikuwahi kumuuliza jina lake. Yeye alijua majina ya watoto wetu wote. Ulipougua surua ni yeye aliyeniletea majani ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye kitambaa, akasema, "Mpelekee Skola, umwogeshe."

Wa kwanza kutuacha ni Rashidi. Alikuwa anatoka Namtumbo, mvua imenyesha, barabara ya udongo imekuwa kama sabuni. Lori likateleza likalala ubavu. Wengine waliumia, yeye akafa. Tulimpeleka kwao tukamzika, tukalia, tukarudi. Hakuna aliyesema neno. Ajali ni ajali.

Baada ya masika yale kuisha akafuata Gaspari. Jumapili alicheza mpira, jioni akasema kifua kinambana, alfajiri mwenye nyumba wake akamkuta ameshapoa. Daktari alisema ni moyo. Kijana vile, moyo! Hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu. Mmoja ni msiba, wawili ni jambo. Ukikaa kwa kinyozi unasikia, "Hawa watu wa hesabu wameona nini huko?" Kukawa na gari jeusi ambalo kila mtu alikuwa na ndugu aliyeliona. Mimi sijawahi kuliona, lakini nami nilianza kulitafuta kwa macho kila nikitoka kazini.

Kisha Otmari akaanza kukonda.

Mwanangu, wewe umekua wakati ambapo ugonjwa ule unatajwa redioni na dawa zinatolewa. Wakati ule haukutajwa. Tulisema "ameanza kukohoa," tulisema "ana vidonda vya tumbo," tukaangalia pembeni. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake akiwa hawezi tena kunyanyua kikombe mwenyewe. Akaniambia jina la ugonjwa kwa mdomo wake. Akasema, "Nimekuambia wewe maana nimechoka kulibeba peke yangu. Watoto wangu wasijue. Na parokiani wasijue." Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Aliponisindikiza alinishika mkono, akasema, "Shemeji, umemsikia." Nikasema nimemsikia.

Tulimzika Otmari kwa nyimbo nyingi. Na kabla udongo haujakauka mji mzima ulikuwa umepata jibu: watatu, ofisi moja, birika moja.

Ni vigumu kukueleza jinsi maneno yale yalivyokuwa matamu, Skola. Nakuambia hivyo kwa sababu nimesoma zile karatasi zako, nikaujua utamu uleule. Mtu akifa kwa utelezi, au kwa moyo, au kwa maradhi, unabaki mikono mitupu. Huna wa kumkasirikia. Lakini ukisema "ameuawa," angalau una mahali pa kuelekeza macho. Na mimi nilikuwa na hofu kuliko wote. Niliyebaki nilikuwa mimi! Watu walinisalimia kwa sauti ya kilioni. Muuza vitunguu sokoni alikataa kunipunguzia bei, kisha akanionea huruma, akaniongezea fungu bure, akasema, "Chukua tu, bwana, chukua." Kaka yangu alikuja kutoka Hanga, akanisihi niache kazi. Mama yako alikuwa halali mpaka asikie napumua.

Asubuhi ya kwanza baada ya maziko nilikaa kwenye meza yangu. Meza tatu tupu. Wakulima wamejaa dirishani. Mama Chai akaingia kama kawaida, macho yamevimba kwa kulia, maana alimpenda Otmari. Akaweka kikombe mbele yangu, akainua birika. Nami nikakifunika kikombe kwa kiganja.

"Leo hapana, Mama," nilisema.

Basi. Sikusema neno jingine. Sikumshtaki mtu. Nilikuwa najua Rashidi alikufaje, najua Gaspari alikufaje, na Otmari nilikuwa najua kuliko mji mzima. Akili yangu ilijua, ila kiganja changu kilikuwa kinaogopa. Aliniangalia, akaliangalia birika, akasema taratibu, "Haya, Baba Skola." Akatoka.

Lakini dirishani kulikuwa na watu. Kabla ya adhuhuri habari ilishafika sokoni: hata yule aliyebaki hanywi chai yake. Si mimi niliyeanzisha uvumi ule, lakini wakati mwingine najiambia kwamba ni mimi niliyeupigia muhuri. Jioni ile maandazi yake hayakununuliwa hata moja. Ofisini akaambiwa apumzike kwanza. Watu wakaanza kurusha mawe juu ya bati lake, watoto wa jirani wakakatazwa kucheza na mtoto wake.

Mama yako ndiye aliyeniletea habari kwamba ameondoka. Alikuwa stendi kununua mkaa. Akarudi, akavua kanga ya begani, akasema, "Mama Chai amepanda lori la Tunduru. Yeye na mtoto na godoro. Hakuna aliyemsindikiza."

Nikasema, "Ningefanya nini?"

Akasema, "Ungekunywa chai."

Hajawahi kulirudia neno lile mpaka leo. Ndivyo alivyo mama yako.

Unaweza kuniuliza, kwa nini sikusimama nikasema ukweli? Nilijiuliza hivyo kila siku. Kusema ukweli kulikuwa ni kusema ugonjwa wa Otmari. Nilimwahidi mtu anayekufa. Mke wake alikuwa bado mji huuhuu, na watoto wanakwenda shule na watoto wetu. Nikimwokoa mjane mmoja namvua nguo mjane mwingine sokoni. Nilitafuta njia ya katikati, sikuiona, na kwa kuwa sikuiona nikajifanya haipo. Leo nadhani ilikuwepo. Sikuhitaji kueleza mtu yeyote alikufa kwa nini. Nilihitaji kukaa mbele ya watu na kunywa chai. Mama yako aliliona hilo siku ileile, na yeye hakusomea uhasibu wala kitu kingine.

Baada ya miaka minne, au mitano, kampuni ilinituma upande wa Tunduru kutazama ghala. Dereva akasimamisha lori Nakapanya ili tupate chochote tumboni. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha makuti, benchi mbili, madereva wamekaa wanakula. Nikasikia harufu ya tangawizi kabla sijamwona. Nikajua.

Alikuwa amepungua, lakini ni yeye. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nikasema, "Shikamoo, Mama Chai." Hakuwa amenizidi umri kwa kiasi cha shikamoo, ilinitoka tu.

Akafuta benchi kwa kitambaa. "Hapa mimi ni Mama Hamisi," alisema. "Kaa, unywe chai kama wenzako."

Nikakaa. Akanimiminia. Nikasema, "Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Sauti chini," alisema, huku anatabasamu kama mtu anayempa mteja bei ya maandazi. "Ukiniomba radhi hapa watauliza ya nini. Nimekuja huku wasiniulize."

Mwanangu, nilikuwa nimelibeba neno lile safari nzima ya miaka yote ile, nikaona sina pa kulitua. Nilitaka kulitua kwa faida yangu, nalo lingemwangukia yeye. Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto, machozi yakanitoka, nikasingizia moto.

Aliwahudumia madereva, kisha akarudi, akakaa pembeni yangu akimenya tangawizi. Akauliza habari zako, Skola, kama surua ilikuachia makovu. Akauliza habari za mke wa Otmari. Nikasema yupo, anahangaika na watoto. Akasema, "Masikini. Mumewe aliumwa sana yule. Mimi nilimwona alivyokuwa anashindwa kutafuna andazi, nikawa namlowekea kwenye chai kabla ninyi hamjafika."

Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu mwanzo, kabla yangu. Mji ulipomrushia mawe angeweza kupiga kelele kwamba yule mtu alikuwa na ugonjwa fulani. Hakusema. Sikumuuliza kwa nini. Nadhani hakuona kama ni jambo la kuulizwa.

Nilipoinuka nikamwambia, "Basi niambie ninachoweza kufanya."

Akafikiri. "Nina huyu kijana wangu. Ana akili ya vitu vya umeme, redio zote za hapa anazifungua. Huku hakuna wa kumfundisha. Songea kuna shule ya ufundi."

"Songea?" nilisema. "Mama, Songea kweli?"

"Hawamjui. Aliondoka mdogo, amekua. Atakaa kwako." Akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Mwingine akiambiwa neno juu yangu ataamini. Wewe hata wakikuambia, huwezi kuamini. Kwa hiyo kwako ndiko salama."

Ndiyo, Skola. Ni Hamisi huyohuyo. Kaka Hamisi aliyeishi nasi mpaka akamaliza ufundi, aliyekutengenezea taa ya kusomea kwa betri za redio, aliyekuwa akikubeba mabegani kwenda kuchota maji. Mama yako alinunua sufuria mpya siku aliyofika, akaiweka kando, akamwambia, "Hii ni yako, haijaguswa na nyama usiyokula," na tangu hapo nyama ya nguruwe haikuingia tena nyumba hii, mpaka leo, ingawa Hamisi alikwishaondoka. Korosho tunazoletewa kila msimu, ambazo wewe ukiziona kibuyuni unadhani tunanunua, zinatoka kwa mama yake.

Jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba kesho Hamisi akikupokea Ubungo utamwonyesha zile karatasi, kwa kuwa yeye ni mtu wa mitambo, anaweza kukusaidia kutafuta walioziandika. Ndipo nikafunga mlango nikachukua kalamu.

Bado kuna jambo moja ambalo hata mama yako halijui. Mwaka wake wa pili hapa, Hamisi alirudi kutoka shule akakataa kula. Nikamfuata uani. Alikuwa amekaa juu ya gogo. Akaniambia kwamba wenzake shuleni walikuwa wanasimuliana habari za mwanamke aliyewaua wahasibu kwa chai. Walicheka, naye alicheka pamoja nao. Kisha mmoja akataja maandazi, akataja mjane mwenye mtoto mmoja, akataja lori la Tunduru.

"Baba," akasema, "huyo ni Mama, siyo?"

Nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Na habari ya kiganja changu nikamwambia. Nilidhani atafunga godoro lake aondoke, na ningemwelewa. Akainuka kutoka kwenye gogo. Kisha akasema, "Mama asijue kwamba najua. Alihama ili nisijue." Akaingia ndani, akaomba chakula, akala.

Hata leo wako hivyo. Mama analinda mtoto asisikie, mtoto anamlinda mama asijue kwamba ameshasikia. Mimi niko katikati, nakula korosho.

Sikukatazi kusoma mambo ya kwenye mashine zile. Unakwenda kusomea hesabu. Utakuwa mhasibu, na siku moja utakuta kweli watu wameiba, na pengine utakuta kweli mtu ameumizwa kwa kuficha wizi. Mambo hayo yapo, sitakudanganya kwamba hayapo. Ukiyakuta yaseme kwa jina lako, mbele ya wanaohusika. Lakini wale walioandika habari zetu hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba jeneza la Gaspari, ambalo tulilibeba wachache kwa sababu hakuwa na ndugu hapa. Wana swali zuri, hawana marehemu.

Umeniambia kwamba ulitaka kuwajibu kuwa baba yako yu hai. Sijui nikushauri nini. Ukiwajibu watakuuliza habari za mama wa chai. Usipowajibu nitaendelea kuwa marehemu. Mimi naona kufa kule si kubaya sana. Ng'ombe wanakunywa maji, mke wangu anachambua maharage. Lakini wewe ni mtu mzima sasa, utapima.

Namsikia mama yako anacheka na mtu getini. Nadhani ni wewe umerudi, na bibi yako amekupa kuku, maana nasikia kuku pia.

Barua hii nitakupa kesho stendi, uisome ukiwa njiani, ukifika Makambako uwe umemaliza. Zile karatasi sikuzigusa. Ziko kwenye begi lako ulipoziweka. Hamisi atakuwa amesimama upande wa kushoto unapoingia, anakwenda mapema siku zote. Mwamkie kama unavyomwamkia. Mpe ule mfuko wa maharage, mwambie umetoka kwa mama. Kisha mkiwa mnatembea, kwa sauti ya kawaida, muulize kama mama yake hajambo.

Baba yako anayekupenda.